Winchi Moja, Vyeti Viwili vya Kuzaliwa

(Haya ndo niliyoongea Jumamosi pale karakana mbele ya mafundi na vijana wa chuo waliokuja kutazama mitambo ya zamani. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza matani kidogo tu.)

Shikamooni wazee wangu, nawaona wawili watatu hapa walioshika spana kabla yangu. Vijana habari zenu, kaeni tu popote, hayo matairi ni masafi, na aliyekaa kwenye ngoma ya waya asiniulize suruali yake imepata wapi grisi.

Nimeambiwa niongee nusu saa kuhusu kutambua winchi za zamani, za jeshi na za viwandani, zile za kutembea. Wengine mnaita kreni, sawa, sisi tuliokulia bandarini tunasema winchi na leo sitabadilika. Sasa nianze na aibu yangu mwenyewe, maana nikianza na elimu mtalala.

Miaka kadhaa nyuma kuna jamaa mmoja ana yadi ya skrepa aliniita nikaangalie winchi imewekwa kwenye lori la matairi sita, kubwa, rangi ya kijani kibichi ya jeshi, na pembeni mtu kachora nyota nyeupe. Nikaizunguka mara moja, nikapiga picha, nikamwambia mwenye mali kwa sauti ya bwana shauri, hii ni ya Vita Kuu ya Pili, usiikate hata kidogo. Jamaa akafurahi akapandisha bei hapo hapo. Basi nikaenda nyumbani nikawa nasimulia watu. Kijana mmoja, tena alikuwa bado anajifunza kazi, akaniuliza swali moja tu, mzee, lori la chini lilianza kutengenezwa lini? Nikanyamaza. Kesho yake nikarudi na mafuta ya taa na brashi, nikapangusa kibati ndani ya kebini, kile kibao kidogo cha jina la kiwanda, kikasomeka AEC, Southall, kiwanda cha malori cha Uingereza, na lori lenyewe ni lile Waingereza waliloliita Militant. Militant imeanza kutoka kiwandani mwaka 1952. Vita iliisha 1945. Yaani nilikuwa nimeipeleka vitani gari ambayo haijazaliwa! Na nyota, nikamuuliza mlinzi, akaniambia ilichorwa na watu waliokuja kupiga picha za tangazo.

Kwa hiyo ndugu zangu kosa langu lilikuwa nini? Niliangalia rangi. Halafu niliangalia kitu kimoja nikadhani nimeona kimoja, kumbe winchi ya kwenye lori ni vitu viwili. Kuna chini na kuna juu. Chini ni lori, limetengenezwa na watu wa malori mji fulani, juu ni winchi, imetengenezwa na watu wa winchi mji mwingine, wakakutanishwa kama bwana na bibi harusi, kila mmoja ana wazazi wake na cheti chake cha kuzaliwa. Ukimjua bwana harusi hujamjua bibi. Na wengine hapo waliachana wakaoa tena, nitafika huko.

Chukueni mfano wa Waingereza, ndo ninaoujua vizuri. Kabla tu ya vita Jeshi la Anga la Uingereza lilitaka winchi ya kuokota ndege zilizoanguka na kubadilisha injini uwanjani, sasa uwanja wa ndege ni mkubwa, huwezi kusubiri winchi ya reli ije, wakataka kitu cha kutembea. Kampuni ya Coles ikawatengenezea winchi inaitwa EMA, herufi hizo tatu maana yake ni winchi ya umeme, ya kutembea, ya uwanja wa ndege. Na nyingi zilipandishwa juu ya lori la Thornycroft, aina ya Amazon, magurudumu sita, yanayosukuma ni manne ya nyuma. Thornycroft hilo limetoka Basingstoke kusini mwa Uingereza. Coles yenyewe wapi? Hapo ndo utamu. Coles ilianzishwa London mwaka 1879, ikahamia Derby mwaka 1898, halafu mwaka 1939 ikanunuliwa na kampuni ya Steels ya Sunderland, kaskazini kabisa, kazi ikahamia huko. Kwa hiyo ukipata kibati cha winchi kimeandikwa Derby na kingine kimeandikwa Sunderland, tayari umeshajua upande gani wa 1939 umesimama, hata kama mwaka wenyewe umefutika.

Na jina halikuishia hapo. Mwaka 1972 Coles ikaingia kwenye kundi la Acrow, Acrow ikaanguka mwaka 1984, Grove ya Marekani ikainunua Coles mwaka huo huo, na kiwanda cha Sunderland kikafungwa mwaka 1998. Mnaona? Kibati chenye neno Acrow hakiwezi kuwa cha miaka ya 60. Chenye Grove na Coles pamoja hakiwezi kuwa kabla ya 1984. Mtu anayejua historia ya kampuni anasoma kibati kama anavyosoma noti, sura ya nani iko pale, basi anajua awamu gani.

Sasa, na kama kibati hakipo? Maana tuseme ukweli, vibati ni shaba au aluminiamu, na sisi tunajua shaba inaenda wapi.

Hapo angalia nguvu inafikaje juu. Hili mtu halifichi kwa rangi. Coles za zamani zilikuwa za umeme, injini inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, na kila kazi ina mota yake, ya kunyanyua mzigo, ya kuzungusha kichwa, ya kupandisha na kushusha mkono, ule mlingoti mrefu unaoning'iniza waya. Ukifungua mlango wa nyuma hukuti msitu wa klachi na minyororo, unakuta mota, nyaya nene na visanduku vya kukontroli. Ukikuta injini nzima imekaa juu na winchi, halafu klachi, ngoma za waya, minyororo na gia wazi, ujue uko kwenye ukoo mwingine kabisa, na mara nyingi ni Mmarekani.

Wamarekani walikuwa na kampuni ya Quick-Way, Denver, Colorado, walikuwa wanatengeneza winchi ndogo na shovo, yaani koleo za kuchimbia, za kuweka juu ya lori. Vita ilipokuja jeshi likachukua winchi ya Quick-Way likaiweka juu ya lori la Coleman, la Littleton, hapo hapo Colorado, magurudumu manne yote yanasukuma. Kwa hiyo hiyo ni mashine ya kiraia imevaa magwanda. Na kinyume chake kipo, tena kingi zaidi. Vita ilipoisha malori ya jeshi yakawa yamejaa kila mahali yanauzwa bei ya kutupa, kuna jamaa wa Waverly, Iowa, kampuni yao ilikuja kuitwa Schield Bantam, walianza kwa kuweka winchi zao juu ya malori hayo ya jeshi yaliyobaki. Manchester nako watu wa Taylor na winchi yao ya Jumbo walifanya hivyo hivyo. Sasa niambieni, hiyo ni winchi ya jeshi? Chini ni ya jeshi, kabisa, ina namba zote. Juu haijawahi kuona hata paredi. Mtu akikuuliza jibu lako liwe na vipande viwili, na akikulazimisha kipande kimoja mpe soda mwambie atulie.

Halafu kuna lile linalochanganya kuliko yote, majina mawili mashine moja. Breki dauni kubwa ya jeshi la Marekani wakati wa vita, ile ya M1A1, ilitengenezwa na Ward LaFrance na ilitengenezwa na Kenworth, kwa mchoro mmoja, injini ile ile ya Continental, na winchi ya juu ni ya Gar Wood. Majina mangapi hayo? Ukisikia wawili wanabishana mmoja anasema Kenworth mwingine anasema Ward LaFrance, na wote wanaangalia picha moja ya pembeni, waache waendelee, hapo kibati tu ndo kitaamua. Wajerumani nao, winchi ya Bilstein utaikuta juu ya lori la Büssing-NAG, na utaikuta juu ya ile gari yao kubwa ya Famo yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma.

Nikae kidogo kwenye spana maana hapa ndo nyumbani kwetu.

Ukiwa huna kibati, huna mwaka, huna chochote, toa spana mfukoni. Boliti za Mwingereza wa zamani ni Whitworth, mfumo huo ulianza 1841, hesi yake, ile mizunguko ya kufungia nati, ina pembe ya nyuzi 55. Mmarekani yake ni nyuzi 60. Kwa macho huoni, lakini nati ya mmoja ukiifunga kwenye boliti ya mwingine unaisikia inakataa mkononi, ama inaingia nusu halafu inauma. Na spana za Whitworth zina kituko chake, ile namba iliyoandikwa pale siyo upana wa kichwa cha nati, ni unene wa boliti yenyewe, ndo maana mafundi wengi tulipokuwa wadogo tulidhani spana za mzee zimeandikwa uongo. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada walikubaliana hesi ya pamoja kwa sababu vita iliwafundisha adabu, kifaa cha huku hakifungi kule. Lakini viwanda havikubadilika usiku mmoja, kwa hiyo Whitworth ikikuambia Mwingereza mwamini, ila usiitumie peke yake kutaja mwaka.

Cha muhimu jaribuni boliti za chini peke yake na za juu peke yake na zile zinazounganisha chini na juu. Hizo za katikati ndo mshenga. Ile winchi iliyoniaibisha, chini Whitworth na ndugu zake, juu vilevile, halafu kwenye mkono kipande cha pili boliti zote zikakubali spana namba 19 za milimita. Hapo sikuhitaji kitabu. Fundi wetu mmoja, sijui wa mwaka gani, alivunja mkono akaurudisha kwa boliti za dukani, na kwa kweli kazi yake ilikuwa nzuri.

Mkono wenyewe pia unaongea. Ule wa vyuma vya kusukwa kama mnara wa simu, angalia umeunganishwa na nini, ribiti (zile pini za chuma zinazopondwa kichwa), boliti au kuchomelea. Ribiti ni za kizee zaidi, kuchomelea kukatawala baadaye, lakini nawaonya kuna viwanda viliendelea na ribiti muda mrefu. Mkono unaochomoka kwa haidroliki, kipande ndani ya kipande kama antena ya redio, ukiuona kwenye gari ya jeshi la Marekani acha kufikiria vita ya Hitler, fikiria miaka ya 50 na kuja huku, zile breki dauni za tani 5 kama M62 na M543.

Na tani! Nilitaka kusahau. Kibati cha mzigo kimeandikwa tani 5. Tani 5 za nani? Tani ya Mwingereza wa zamani ni kilo 1,016, tani ya Mmarekani ni kilo 907, na yetu hii ni kilo 1,000. Kwa hiyo tani 5 ya Coles ni kilo 5,080 na tani 5 ya Mmarekani ni kilo 4,535 na ushee, tofauti yake ni zaidi ya kilo mia tano, huyo ni ng'ombe mzima mwenye afya. Na hiyo tani ni mkono ukiwa karibu, ukiulaza mbali inashuka vibaya. Naomba tusielewane vibaya, kibati hicho soma kwa ajili ya utambuzi, usikisome halafu ukanyanyulie kitu na waya wa umri wa babu yako.

Sasa namba. Jeshi la Marekani lilikuwa na tabia nzuri ya kuandika kila kitu. Kila aina ya gari ilipewa namba ya katalogi ya spea inayoanza na G, gari la Jeep ni G-503, lori la GMC la tani mbili na nusu ni G-508, na zile breki dauni za Ward LaFrance na Kenworth nilizotaja ni G-116. Ukijua G unaitafuta katalogi yake, na ndani kuna michoro ya kila boliti. Vitabu vya mafundi vinaanza na TM, na namba inayofuata inakuambia idara, TM 9 ni ya watu wa silaha na magari, TM 5 ni ya wahandisi. Mashine ya kunyanyua ya wahandisi usiitafute kwenye TM 9 ukilia haipo, iko TM 5 imetulia. Na za mwanzo mwanzo mwa vita utazikuta TM 10, maana magari yalikuwa chini ya idara nyingine mpaka mwaka 1942 yakahamishwa. Vingi vya hivi vimeskaniwa, viko mtandaoni bure, bando lako tu.

Namba ya ubavuni ikiisha na herufi S, siyo jina la kikosi kama nilivyosikia mtu anaelezea kwa kujiamini sana. Maana yake gari limefungwa vizuia kelele ili umeme wake usiharibu redio. Basi.

Na kibati cha Mmarekani chenye tarehe, mara nyingi ile ni tarehe ya kukabidhiwa kwa jeshi. Siyo ya mchoro, siyo ya kuja Afrika. Injini nayo usiiamini hata kidogo, injini ni kama kofia. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe.

Mnaisoma vipi? Nilimwona mtu kachukua grainda. Grainda! Jamani namba imekaa miaka 70 kwenye kutu wewe unaiua kwa dakika moja. Mafuta ya taa, loweka, brashi laini, pangusa kwa kitambaa, halafu paka chaki ya shule juu yake ufute na kiganja, chaki inabaki ndani ya namba. Usiku ukiwa na tochi ndo bora zaidi, ilaze tochi ubavuni siyo kumulika usoni, vivuli vinatokea vyenyewe. Na rangi za zamani nyingi zina risasi ndani yake, ile madini, usiisugue kavu ukavuta lile vumbi, na msiwape watoto kazi hiyo.

Swali limetoka pale kwa dada, anasema na kama huna mashine, una picha tu? Swali zuri sana, na nina jibu lake mfukoni kweli.

Mzee mmoja wa Mtwara alinipa nakala ya picha ya baba yake, nyuma imeandikwa kwa kalamu Mtwara 1950. Mnajua Mtwara miaka hiyo, mradi wa karanga wa Waingereza, ulianza 1947 wakafyeka Kongwa, Urambo na Nachingwea, bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ndo zilijengwa kwa ajili ya hizo karanga, na mwaka 1951 wakasalimu amri. Mitambo mingi ilikuwa masalia ya vita, walileta matrekta yaliyotumika na jeshi kutoka hadi Ufilipino, wakaleta na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kiwanda cha Vickers, vikaitwa Shervick. Kwa hiyo mzee alikuwa na hakika kabisa winchi iliyo nyuma ya baba yake kwenye picha ni ya jeshi. Na mimi nikishajiaibisha mara moja nikasema subiri.

Picha imekata upande wa kushoto. Nikaanza na tairi. Tairi la 9.00-20, lile la lori la kawaida, kimo chake ni kama mita 1. Nikakadiria hivyo, nikachukua rula nikapima tairi kwenye picha, nikapima mkono, ukawa matairi tisa na kitu, basi ni mita tisa hivi. Halafu nikatafuta kebini ya dereva wa lori. Haipo. Nikahesabu magurudumu yanayoonekana, mawili upande mmoja, maana yake ni manne, na opareta kakaa juu, anaendesha na kunyanyua kwa kiti kile kile. Hiyo siyo lori lililobeba winchi, hiyo ni winchi yenye miguu yake. Sheria yangu ya vyeti viwili hapa haifanyi kazi, huyu ana cheti kimoja, mzazi mmoja. Waingereza walikuwa nazo nyingi za namna hiyo za viwandani na yadi, Neal ya Grantham, Jones ya Letchworth, Coles pia.

Nikaivuta kwenye simu mpaka ikawa madoa. Nyuma ya bega la marehemu kuna herufi zimeandikwa ubavuni mwa winchi, bega limezikata, zinazosomeka ni tatu, N, E, S. Nilikaa nazo siku mbili kama mjinga, mke wangu akipita na chai akasema, si Jones hiyo? Jones. Letchworth, kile kiwanda kilianzishwa na wakimbizi wa Kibelgiji wakati wa Vita ya Kwanza, baadaye kikawa cha winchi. Kwa hiyo mashine ya yadi, ya kazi, iliyokuja kubeba mizigo ya karanga ambazo hazikuota. Nikampigia mzee nikamwambia siyo ya vita. Nilidhani atasikitika, akacheka, akasema baba alikuwa anasimulia kila siku aliendesha winchi ya Joni, sisi tukadhani Joni ni jina la bosi wake mzungu.

Haya. Mlango wa nyuma hapo nje kuna winchi, mmeiona mlipoingia, yenye rangi ya njano na bluu na mwingine kaongeza nyekundu. Brashi ziko kwenye ndoo, mafuta ya taa fundi mkuu anayo, chaki nimekuja nazo boksi zima. Spana za Whitworth ni zangu, zinarudi zote kumi na moja, nazihesabu mlangoni. Gawaneni, nusu waanzie chini nusu waanzie juu, na asije mtu kuniambia jina kabla sijaona namba mbili zimeandikwa kwenye karatasi.